Msimtumie Tu Youyou Kuuza Chai

Desemba iliyopita binamu yangu alirudi Nairobi kutoka ushago, upande wa ziwa, akiwa na homa. Hakwenda kupimwa. Kwenye grupu moja ya WhatsApp kulikuwa na mtu anauza majani makavu ya artemisia: chemsha, kunywa kikombe mara tatu kwa siku, malaria kwisha. Chini ya tangazo, picha ya mama Mchina akipokea tuzo ya Nobel. Siku ya tatu homa ikashuka, sote tukashangilia. Wiki mbili baadaye tulimbeba usiku kwa teksi, hata jina lake halijui.

Aliokolewa na sindano ya artesunate. Na artesunate, jamani, inatokana na mmea uleule.

Kwa hivyo mimi sina vita na artemisia. Wachina wanaiita qinghao, na sifa zake ni za kweli. Ninachokataa ni kuuziwa nusu ya hadithi.

Nusu ya pili ni hii. Mwaka 1969 Tu Youyou alijiunga na mradi wa siri wa serikali ya China wa kutafuta dawa ya malaria. Yeye na wenzake walipekua vitabu vya kale na kujaribu mimea mingi. Qinghao yenyewe iliwayumbisha: leo inafanya kazi, kesho haifanyi. Kisha akarudi kwa maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliyeagiza majani yalowekwe kwenye maji, yakamuliwe, maji yake yanywewe. Hakusema yachemshwe. Tu akashuku kwamba joto ndilo lilikuwa linaharibu dawa, akaikamua kwa etha, ambayo huchemka kwa joto la chini. Oktoba 1971 dawa ikaua vimelea vyote kwenye panya. Mwaka 1972, kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, yeye na wenzake waliimeza wenyewe kuona kama ni salama.

Sasa niambie, ndugu muuzaji: wewe ulipima nini? Mama unayemweka kwenye tangazo lako alipewa Nobel mwaka 2015 kwa sababu hakuridhika na majani kwenye sufuria.

Utasema chai ni ya asili, haina madhara. Madhara yake ni kukupa nafuu bila kukuponya. Kiasi cha dawa kwenye majani hubadilika kutoka shamba hadi shamba, na artemisinini hutoka mwilini baada ya saa chache tu. Ndiyo maana tembe za hospitali huichanganya na dawa nyingine inayokaa zaidi, na dozi yake ni siku tatu, mara mbili kwa siku. Kikombe chako kinaua vimelea dhaifu, vilivyobaki vinapata mazoezi. Usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini tayari umethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Hao ni majirani zetu, na mbu haonyeshi pasipoti mpakani. Dawa ikichoka, wa kwanza kulipa ni mtoto wa chini ya miaka mitano kule Busia, siyo wewe mwenye pakiti. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba haliungi mkono kutibu malaria kwa majani haya, na sababu ni hizi hizi.

Utasema pia hospitali ni foleni na pesa. Hapo hatubishani. Lakini foleni ndefu ni sababu ya kuidai serikali dawa na wauguzi, siyo ruhusa ya kumuuzia mgonjwa bahati nasibu.

Ukitoka ushago na homa, pimwa damu siku hiyohiyo. Ikiwa ni malaria, meza dozi yote, hata ukijisikia poa siku ya pili. Na wewe muuzaji, ukitaka kuuza chai, uza chai. Toa neno malaria kwenye pakiti, na picha ya yule mama uitoe pia.