Kanuni Kwanza, Karata Baadaye

Inapofika wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, mabasi yaingiayo Moshi hujaa pomoni. Wachagga waishio Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, na wengine Nairobi na Kampala, hurejea kwao Machame, Kibosho, Marangu na Rombo ili kuwaamkia wazee na kula sikukuu katika vihamba walimozaliwa. Mchana, baada ya mtori na nyama, kijana mmoja hutoa pakiti ya karata na kuanza kuzichanga. Aghalabu nusu saa haipiti, sauti zimekwisha kupanda.

Ndugu msomaji, wazee wasikiapo kelele hizo hudhani kwamba mezani yuko mwizi wa karata. Huenda yuko. Lakini mara nyingi zaidi wagombanao wote ni waaminifu, ila kila mmoja amekuja na kanuni za mtaa wake, naye anaamini kwamba dunia nzima hucheza hivyo.

Tuuchukue mchezo upendwao sana na vijana, ule uitwao kwetu "lasti kadi". Shabaha yake ni moja kila mahali: kuzimaliza karata za mkononi kwa kulinganisha aina au namba na karata iliyo juu mezani. Zaidi ya hapo, tofauti ni nyingi. Kijana aliyekulia Nairobi, ambako mchezo wa jamii hiyo huitwa "kadi", aghalabu huanza na karata 4. Kwake mbili humwokotesha anayefuata karata 2, tatu humwokotesha 3, na jokari 5. Nane na bibi kwake ni maswali, na aliyeziweka hana budi kuzijibu mwenyewe kwa karata nyingine inayolingana nazo. Kabla ya zamu ya kumalizia yampasa atangaze, "Niko kadi", wala haruhusiwi kumalizia kwa karata zenye nguvu.

Mwenzake wa Kampala amezoea "matatu", jina lile lile la magari ya abiria. Huko kila mchezaji hupewa karata 7, na saba ya aina iliyofunuliwa mwanzoni huweza kuukata mchezo papo hapo. Hapo kila mtu huhesabu pointi zilizobaki mkononi mwake, na mwenye chache ndiye mshindi.

Sasa waketi hao wawili pamoja na binamu yao wa Pasua, mjini Moshi. Wa Moshi amalizia kwa mbili na kushangilia. Wa Nairobi asema jambo hilo halijapata kuonekana. Wa Kampala angali anangoja saba itokee. Ni nani hapo aliyeiba?

Wazee nao wasicheke, kwa maana mchezo wao una mitego yake. Katika wahedi wa sitini, mchezo uliozoeleka sana Zanzibar na pwani, ree huhesabiwa pointi 11, seti, yaani saba, 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3 na mzungu wa pili 2. Kila aina ina pointi 30, na aina zote nne zina 120. Kwa hiyo apataye 61 amekwisha kushinda, na ndiyo maana ya jina lenyewe kwa Kiarabu. Mzungu wa tatu ni jeki na mzungu wa pili ni bibi. Mtoto aliyefundishwa shuleni kwamba bibi ni mkubwa kuliko jeki akiona bibi wake analiwa, atalia kwamba ameonewa. Hakuonewa. Hesabu hiyo ni ya Wareno, ambao ndio waliotuachia pia majina ya kopa, uru, shupaza na pau, na hata neno karata lenyewe.

Michezo ya kuunganisha karata nayo ni vivyo hivyo. Familia nyingi zenye asili ya India hucheza rami ya karata 13, ambamo mchezaji hana budi kuwa na mfululizo mmoja usiosaidiwa na jokari. Marekani wanayo jini rami, ambayo husemekana ilianzishwa New York mwaka 1909 na Elwood Baker; jini hapa ni kile kileo, si wale wa kupunga. Huchezwa na watu wawili, kila mmoja karata 10, na kila zamu huokotwa moja na kutupwa moja. Karata zisizoungana na nyingine, ambazo sisi tungeziita magarasa, zikipungua hadi pointi 10 au chini yake, mchezaji hugonga meza na kuufunga mchezo. Lakini wapo wakatazao kugonga mpaka magarasa yote yaishe. Wapo waachao karata ya kwanza kufunuliwa ndiyo iamue kiwango cha kugongea. Amalizaye bila garasa hata moja, kanuni moja humwongezea pointi 20, nyingine 25. Ikiwa hata mchezo ulioandikiwa vitabu una njia hizi zote, sembuse huu wetu uliofundishwa barazani kwa mdomo?

Dawa yake ni maswali manne, yaulizwe kabla ya kugawa. Kila mtu apewe karata ngapi? Karata zipi zina nguvu, na nguvu gani? Aliyepigwa mbili aweza kujibu kwa mbili yake, mzigo umwendee anayefuata? Na mtu aweza kumalizia kwa karata gani, akitamka nini? Majibu yaandikwe kwenye karatasi. Mchezo wa kwanza ufuate kanuni za mwenyeji, wa pili za mgeni. Kanuni izukayo katikati, hata iwe nzuri namna gani, ingoje mgawo ujao. Wala pesa zisiwekwe mezani. Punje za mahindi zatosha kuhesabia.

Jambo hili si dogo kama lionekanavyo. Mezani pale huwapo mtoto wa miaka minane au tisa anayetazama. Akimwona mkubwa anakumbuka kanuni mpya kila akaribiapo kushindwa, hajifunzi karata. Hujifunza kwamba sheria ni mali ya mwenye sauti kubwa. Tena binamu hao huonana mara moja kwa mwaka, na wakiagana kwa kununiana, mwaka mzima utapita kabla hawajapatana. Wachagga wana jani la isale, ambalo mkosaji hulipeleka kwa aliyemkosea ili asamehewe. Jani hilo ni la mambo mazito. Si vema lichumwe kwa sababu ya mbili ya kopa.

Basi wazazi, mwaka huu pakiti itakapotolewa, sogezeni viti mkae na vijana wenu kwa dakika tano za mwanzo, mpaka maswali hayo manne yamejibiwa. Kisha waacheni wacheze.