Simba wa Kessel aingie nyumbani

Wiki nzima nilimsomea mdogo wangu Le Lion, riwaya ya Joseph Kessel iliyotoka mwaka 1958. Kitabu ni cha Kifaransa, na Kifaransa cha mdogo wangu bado ni cha darasani tu. Basi nilisoma ukurasa, kisha nikamsimulia kwa Kiswahili. Jioni ya pili mama naye akavuta kiti.

Mambo yanatokea Kenya, katika hifadhi ya Amboseli, chini ya Kilimanjaro. Patricia, binti wa msimamizi wa hifadhi, anapendana na simba aitwaye King, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Oriounga, kijana wa Kimasai, anataka kupigana na simba huyo ili aonyeshe uanaume wake, naye Patricia anaichezea hatari hiyo.

Wengine watasema mwisho wake ni mzito mno kwa watoto. Mimi nakataa. Hadithi za bibi zetu pia zina vifo, na hakuna bibi aliyeviruka. Tulipomaliza, mdogo wangu alinyamaza, halafu akauliza: “Kosa ni la nani?” Tulibishana mpaka usiku.

Kasoro ipo: Wamasai wanaonekana kwa jicho la mgeni Mzungu. Hilo nalo lizungumzwe nyumbani, lisifichwe.

Wanafunzi wenzangu, tunajifunza kutafsiri ili tupate pointi. Likizo hii, kichukueni kitabu hiki, muwatafsirie wadogo zenu. Hapo wazazi wataona tunasomea nini.