Kanisa la Kwanza Liligombana Juu ya Chakula

Wapendwa vijana wenzangu wa Bukoto, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma, leo naomba tuongee jambo ambalo huwa tunalinong'ona tu tukishatoka ibadani: vyeo.

Kwenye chumba kimoja cha kukodi, viti vya plastiki vichache, utakuta askofu, mtume na nabii. Sasa uliza: nani anashika daftari la msaada? Kimya.

Nasema hivi kwa sababu niliona. Kanisa moja, sitalitaja, lilipata magunia ya posho na maharage kwa ajili ya wajane. Sisi wa Kampala tunajua, mgao wa chakula uko kambini, Nakivale na Kyangwali, siyo huku mjini. Kwa hiyo gunia moja kwetu ni kitu kikubwa. Orodha iliandikwa na watu wa kabila moja, ikatangazwa kwa lugha moja. Mama mmoja jirani yetu, mjane, hakuelewa tangazo. Alipouliza, akaambiwa ana roho ya manung'uniko. Alirudi nyumbani mikono mitupu, na kanisani hajarudi mpaka leo.

Basi fungua Matendo ya Mitume sura ya 6. Ni kesi hiyo hiyo! Yerusalemu, wajane wa waumini waliosema Kiyunani walikuwa wanarukwa kwenye huduma ya kila siku. Watu wakanung'unika. Je, mitume waliwakemea? Hapana. Waliita kanisa lote, wakasema chagueni watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Na angalia majina ya waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote saba ni ya Kiyunani. Yaani wanaonekana kutoka upande ule ule uliolalamika, na ndio waliokabidhiwa kazi ya kugawa.

Wengi huwaita hao mashemasi wa kwanza. Kwa hiyo huduma hii haikuanza na kiti cha mbele. Ilianza na malalamiko ya chakula.

Najua wengine watasema, "Mungu ndiye anateua, kanisa siyo siasa." Sawa. Lakini hapo kanisa lilichagua, na mitume wakawawekea mikono. Vyote viwili vilikuwepo. Tena mitume wenyewe walisema hawawezi kuacha Neno wahudumie meza. Basi pasta anayehubiri, anayeshika pesa na anayeandika orodha peke yake, amejibebesha mzigo ambao hata Petro aliukataa. Na 1 Timotheo sura ya 3 inataka mwangalizi asiwe mpenda fedha, na shemasi apimwe kwanza ndipo ahudumu. Mama zetu pia wasisahauliwe: Warumi 16 inamtaja Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea.

Mimi napendekeza hivi. Daftari lishikwe na watu watatu wa lugha tofauti, mmoja wao mwanamke. Tangazo lisomwe kwa kila lugha iliyomo kanisani: Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kilingala, yoyote. Na mwenye kulalamika asikilizwe kabla ya kuombewa.

Ndugu wa mashirika, mkileta vitu kanisani, msitosheke na namba ya simu ya pasta. Ulizeni mashemasi ni akina nani.

Vijana, tusikimbilie kuitwa mtume. Filipo alianza na kugawa chakula. Mateso yalipokuja akatawanyika kama sisi, na huko Samaria alikokimbilia ndiko alikohubiri. Cheo hakikumtangulia, kazi ndiyo ilimtangulia.

Jumapili hii uliza kanisani kwenu: mashemasi wetu wanasema lugha gani? Mimi nitaanza kwa kumtembelea yule mama, nimwambie kwamba manung'uniko yake yako ndani ya Biblia.