Ua la alfajiri

Kila alfajiri, kabla sijanawa uso, simu inatetemeka: shangazi ameshatuma ua jekundu kwenye grupu la ukoo, na "Asubuhi njema" kwa maandishi yanayometameta. Picha ileile ya jana. Vijana wanaibeza, mimi siibezi. Ua likichelewa hadi saa mbili, wa Tanga anampigia wa Mbagala: "Shangazi kaamkaje?" Ndiyo hodi yetu, zama hizi za mageti.

Kinachonikera ni zile tiki mbili za bluu tulizoletewa mwaka 2014. Umesoma tangazo la msiba, hujaandika "poleni", basi una kiburi! Nimezizima, lakini kwenye grupu hazizimiki. Kwa hiyo nami asubuhi natuma ua. Lilelile la shangazi.