Vita vya Siku Sita: Kisangani iwaite kwa majina wapiga kasia wake

Kila inapofika tarehe 5 Juni, Kisangani hukumbuka. Kunakuwa na sala, maua makaburini na hotuba za viongozi. Mwaka 2025 ilitimia robo karne tangu majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia Kongo yakiwa marafiki, yalipogeuziana mizinga katikati ya mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Lakini katika kumbukumbu hizi kuna kundi moja ambalo halina kiti jukwaani: watu walioitumikia Kisangani katika siku hizo sita.

Kwingineko duniani, miji ya bandari ina desturi yake. Siku ya kumbukumbu ya vita, mabaharia wazee huvaa nishani zao na kusimama gatini, shada hurushwa majini, majina ya meli na ya waliozama husomwa. Kisangani nayo ni mji wa maji. Wagenya na Walokele walikuwa wakiusoma mto huu kabla ya ramani yoyote kuchorwa. Wazee wa vita wa mji huu nao wapo, ila hawakuvaa sare, na ndiyo maana hakuna anayewaona.

Sababu si ngumu kuielewa. Mwanajeshi mkongwe ni mtu aliyepigana chini ya bendera ya nchi yake. Juni 2000 hapakuwa na bendera ya namna hiyo Kisangani. Upande mmja lilikuwapo jeshi la Rwanda, upande wa pili la Uganda, na waasi wa Kongo wakiwa wamejipanga nyuma ya mmoja au mwingine. Jeshi la taifa halikuwapo. Basi waliosimama kwa ajili ya raia walikuwa raia wenyewe: vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliookota na kuzika maiti, wauguzi waliobaki hospitalini umeme na maji vikiwa vimekatika, na wenye mitumbwi.

Hawa wa mitumbwi wanastahili kutajwa kwa utulivu kidogo. Juu ya mto Kongo, Kisangani haina daraja. Tarafa ya Lubunga iko ng'ambo, na kila aliyevuka kwenda huko katika siku zile alivushwa na mtu mwenye kasia mkononi. Mtu huyo alilazimika pia kurudi. Kwenda ng'ambo mara moja ni kukimbia kama wengine. Kurudi na mtumbwi mtupu upande wa makombora, kuchukua familia nyingine, hiyo ni kazi ya askari, na katika nchi nyingi hulipwa nishani.

Upande wa kaskazini hali ilikuwa ya namna nyingine. Daraja la mto Tshopo lilikuwa kitovu cha mapigano, na barabara zinazotoka hapo ndizo majeshi ya Uganda yaliyozitumia. Ukifuata njia ya zamani ya Buta, kiasi cha kilomita 14 tu, unafika Masako, pale mto Tshopo unapozunguka msitu wa hifadhi ambao wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamezoea kuhesabu panya na miti yake. Maelfu ya watu waliuhama mji wiki ile. Historia ya vijiji vya njia hizo, nani alimpokea nani, nani aligawana muhogo wake na mgeni asiyemjua, bado imo vichwani mwa wazee tu. Sherehe za mjini haziendi huko.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 kuhusu uhalifu uliotendeka Kongo ilisema kwamba katika siku hizo sita waliuawa raia kati ya 244 na 760, zaidi ya 1,000 wakajeruhiwa, na nyumba zaidi ya 400 zikaharibiwa. Hata kanisa kuu la Notre-Dame lilipigwa. Tazama pengo lililopo kati ya 244 na 760. Ni watu zaidi ya mia tano ambao dunia haina hakika kama walikufa au la. Wanaoweza kupunguza pengo hilo ni wale waliobeba machela na kuchimba makaburi. Wanajua ni kaburi lipi lilichukua miili mingapi. Hakuna ofisi iliyo na kumbukumbu kama zao.

Hapo ndipo suala la heshima linapokutana na suala la pesa.

Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, kwa awamu tano za dola milioni 65 kila mwaka. Kati ya hizo, milioni 225 ni kwa madhara yaliyowapata watu. Awamu ya kwanza ililipwa Septemba mwaka huohuo. Rwanda haidaiwi chochote mahakamani hapo, kwa kuwa mwaka 2006 majaji walisema hawana mamlaka ya kuihukumu, ingawa azimio 1304 la Baraza la Usalama lilizitaka nchi zote mbili zilipe kwa yaliyotokea Kisangani. Kombora halikuwa na anwani ya mtumaji lilipoanguka juu ya paa la mtu, lakini fidia inayo.

Serikali iliunda mfuko wa FRIVAO ili kugawa fedha hizo, na makao yake yakawekwa Kisangani. Tangu hapo wahanga wameandamana zaidi ya mara moja, wakilalamikia orodha: fulani hayumo, fulani yumo na hakuwahi kuumia. Septemba 2025 Mahakama ya Kasasheni ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka mitatu ya kazi za kulazimishwa kwa ubadhirifu wa karibu dola milioni 19 zilizotolewa katika fedha za mfuko huo, eti kwa ajili ya kujenga gereza Kisangani. Yeye alikana mashtaka. Vyovyote iwavyo, mjane wa Mangobo anayesubiri jina lake liitwe haoni gereza wala fidia.

Wapo watakaosema basi kwamba mji uliodhulumiwa hivi hauna haja ya nishani na mashada, unahitaji haki yake. Hoja hiyo ina uzito. Heshima isiyo na fidia inaweza kuwa njia ya bei nafuu ya kuwanyamazisha watu, na viongozi wanaijua vizuri. Lakini kuwatambua waliotumikia hakupunguzi hata faranga moja ya anayedai. Kinyume chake, kunaleta mashahidi. Mwaka 2000 wauguzi, wazikaji na wavushaji waliona kwa macho yao nani alijeruhiwa na wapi. Mfuko unaogombana kila siku juu ya orodha za uongo ungepaswa kuwa wa kwanza kuwatafuta.

Tena muda haupo. Kongo ina mazoea mabaya ya kuwakumbuka watumishi wake wakiwa wamekwisha. Katika vita vya 1914 hadi 1918, wapagazi zaidi ya 260,000 walibeba mizigo ya Force Publique. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen iliyozamishwa Kigoma mwaka 1916 ilikuja kuinuliwa, ikapewa jina la Liemba na inaimbiwa sifa mpaka leo. Wapagazi wale hawakuinuliwa na mtu. Koplo Albert Kunyuku, aliyepelekwa mpaka Burma katika vita vya pili vya dunia, alivishwa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa Juni 2022, akiwa na umri wa miaka 100. Wenzake waliorudi naye hawakuwapo tena kumpigia makofi.

Mpiga kasia aliyekuwa na miaka 40 siku ya makombora sasa amevuka 65. Katika Kongo huo ni uzee.

Kinachotakiwa hakihitaji waraka kutoka Kinshasa. Jimbo la Tshopo, Msalaba Mwekundu, maparokia na misikiti wanaweza kufungua daftari katika kila tarafa, Lubunga ikiwa ya kwanza, na jingine katika vijiji vya njia ya Buta hadi Masako. Kila jina lithibitishwe na majirani wawili au watatu, hadharani, ili lisije likageuka mradi wa mtu. Tarehe 5 Juni hotuba zifupishwe. Jeshi la majini la FARDC, ambalo siku zile halikuweza kuwapo, liwasindikize wazee hao hadi ukingoni, kisha mitumbwi itoke mmoja mmoja, na mwenye daftari asome.