Darasa la Watu Wazima Lubumbashi Lisingoje Kampuni

Mwaka 2003, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, walitia sahihi karatasi za kuondoka kazini "kwa hiari". Hiari ya jina tu, maana mishahara ilikuwa imekwama miezi na miezi. Walipokea fungu la fedha, wakarudi majumbani kwao Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Wengi walikuwa mafundi wa muda mrefu, lakini ufundi wao ulikuwa umefungamana na mashine za kampuni moja.

Mambo hayo yana mizizi ya zamani. Union Minière, kampuni ya kikoloni iliyoitangulia Gécamines na iliyoundwa 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na jamaa zao. Ikawapa nyumba, posho, hospitali na shule. Wamisionari walisomesha watoto. Wanaume walijifunza kazi za mgodi. Wake zao waliitwa kwenye nyumba za mafunzo wafundishwe kushona, kupika na usafi. Kampuni ilimfundisha yule iliyemhitaji, tena kwa kiasi ilichokihitaji. Mkazi wa mtaa asiye na namba ya kazi alijitafutia mwenyewe. Haifai kuusifu utaratibu huo kupita kiasi, ingawa wazee bado wanaukumbuka kwa hamu, na njaa iliyofuata inawapa haki ya kuukumbuka hivyo.

Sasa dunia imegeuka. Magari ya umeme yameipandisha thamani kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya ulimwengu inachimbwa Kongo. Makampuni mapya yanamtaka fundi anayesoma maelezo kwenye skrini. Hata katika soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi, mama muuza unga analipwa kwa simu. Asiyejua kusoma humpa mtoto au jirani simu amsomee ujumbe, na mara nyingine humtajia hata namba yake ya siri. Mama huyohuyo hubadilisha dola kuwa faranga kichwani, kwa bei ya siku hiyo, kabla mteja hajamaliza kuuliza. Nani atasema hana akili? Alichokosa ni darasa la saa anayoweza na lugha anayoisikia.

Masomo ya bure katika shule za msingi za serikali, yaliyoanza kutekelezwa Septemba 2019, yalikuwa hatua ya kushukuriwa. Lakini yalimlenga mtoto. Dada aliyeachishwa shule ili kaka zake walipiwe ada hakurudishiwa miaka yake.

Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na inasema kuondoa ujinga wa kutojua kusoma ni wajibu wa taifa zima. Kwa nini basi mtu mzima akutane na Kifaransa mlangoni, kabla hajaijua hata herufi moja? Kifaransa kifundishwe, tena vizuri. Hakuna anayefika Chuo Kikuu cha Lubumbashi bila hicho. Ila kije baada ya mwanafunzi kuandika jina lake na hesabu zake kwa lugha ya nyumbani. Wanaodhani Kiswahili cha mji huu hakibebi maarifa wamkumbuke André Yav. Mwaka 1965, kwa niaba ya watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani, aliiandika historia ya Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, kwa Kiswahili hichohicho, na leo wanazuoni wa ng'ambo wanaisoma.

Tanzania ilithubutu. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Redio hazikosekani Lubumbashi, na Radio Okapi inatangaza kwa Kiswahili tangu 2002.

Basi wenye mamlaka wasikae kungoja mfadhili. Vyumba vya shule za parokia na za serikali vifunguliwe jioni, zamu ya mchana ikiisha. INPP, taasisi ya taifa iliyoundwa 1964 kwa ajili ya mafunzo ya kazi, iwasogelee wachomeleaji na mafundi wa kwado, yaani waziba matairi, hukohuko mitaani, isingoje wenye diploma waifuate. Wanaume nao wasione haya kukaa dawati moja na wake zao.

Fedha je? Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inayadai makampuni yatenge angalau 0.3% ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi, na wawakilishi wa jamii wana viti pale mradi unapochaguliwa. Mtaa wa Ruashi una mgodi mjini humuhumu. Wawakilishi hao, wakishataja visima na mapaa ya shule, wadai pia mshahara wa mwalimu wa jioni, vitabu vya Kiswahili, na malipo ya mtu wa kuwalea watoto wachanga wakati mama zao wako ubaoni.