Zebaki Haiondoki kwa Kuchemsha Maji



Kwa miaka mingi kurasa za afya zimewahimiza akina mama kuchemsha maji ya kunywa. Fundisho hilo ni jema na liendelee, kwa sababu moto huua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara. Lakini hapa Rwamgasa, na katika vijiji vingine vya machimbo ya Geita na Shinyanga, ipo sumu ambayo jiko haliwezi kuiua. Sumu hiyo ni zebaki. Haina uhai, kwa hiyo haifi. Ukiipasha moto inageuka mvuke, na mvuke huo ni hatari kuliko ile zebaki ya majimaji inayong'aa chupani.

Jinsi inavyotumika tunaijua sote. Mawe hutolewa duarani, husagwa kwenye karasha, na unga wake huoshwa mwaloni. Kisha mchenjuaji humimina zebaki katika karai na kuikoroga kwa mikono mitupu. Zebaki hushika dhahabu na kufanya donge. Donge hilo, ambalo karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, huwekwa juu ya makaa. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Wengi hufanya kazi hiyo ya mwisho nyumbani kwa kuogopa wezi: uani, jikoni, hata ndani ya chumba wanamolala watoto.

Hapo ndipo shida inapoanza. Mvuke wa zebaki hauonekani na hauna harufu. Mtu akiuvuta, sehemu kubwa huingia katika damu kupitia mapafu na kufika kwenye ubongo na figo. Mama mjamzito akiuvuta, humfikia mtoto tumboni. Unaobaki hutua juu ya paa, katika vyombo na katika vumbi ambalo mtoto mdogo hulichezea na kulitia mdomoni. Mvua ikinyesha juu ya paa hilo, maji hukingwa kwenye ndoo. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao. Baba anachoma gramu moja ya dhahabu, na nyumba nzima inagawana moshi wake.

Sasa tuyatazame maji. Zebaki ni nzito sana, haielei wala haiyeyuki kwa urahisi. Kwa hiyo maji ya kijito yanaweza kuonekana safi, na hata yakipimwa yasionyeshe mengi, huku tope la chini limejaa zebaki. Ndani ya tope hilo vijidudu visivyoonekana huigeuza kuwa zebaki ya aina nyingine, iliyo kali zaidi. Hiyo huingia katika wadudu wadogo wa majini, wadudu huliwa na samaki wadogo, na hao huliwa na kambale. Kila hatua sumu inaongezeka. Kumkaanga kambale huyo au kumchemsha hakupunguzi kitu, maana zebaki imo ndani ya nyama yenyewe.

Wengine hudhani uchafu wa machimbo yote ya Geita unaishia Ziwa Viktoria. Sivyo. Maji ya upande wa Rwamgasa huelekea Mto Nikonga, kisha mabonde ya Moyowosi na Malagarasi, hadi Ziwa Tanganyika. Tunachokitupa kijitoni leo kiko njiani kwa watu tusiowajua kwa majina.

Chini ya ardhi nako si salama. Miamba yetu ni ya kale na imejaa nyufa, na maji ya visima hupita katika nyufa hizo. Duara lililoachwa hujaa maji na kuwa mlango ulio wazi kuelekea huko chini. Hatari huongezeka pale marudio yaliyokwisha pitishiwa zebaki yanapopelekwa kuchenjuliwa tena kwa sayanaidi. Sayanaidi huyeyusha zebaki pamoja na dhahabu, na ikiyeyuka hivyo, zebaki ambayo ingekaa topeni hupata miguu ya kutembea na maji.

Haya si maneno ya kutisha watu bure. Rwamgasa ilichaguliwa kuwa moja ya maeneo ya mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa, uliosimamiwa na UNIDO kuanzia 2002. Mwaka 2003 madaktari walipima watu wa hapa, na wachomaji wa dhahabu walikutwa na zebaki nyingi mwilini kuliko watu wengine. Baadhi yao walikuwa na dalili za kudhurika. Dalili zenyewe ni mikono kutetemeka, usahaulifu, kukosa usingizi, hasira za ghafla, ladha ya chuma mdomoni na mwendo wa kuyumba. Ni mara ngapi mtu mwenye dalili hizo ameambiwa ni malaria, ni pombe, au amerogwa?

Wajapani walilijua janga hili kabla yetu. Katika mji wa Minamata kiwanda kilimwaga zebaki baharini, na mwaka 1956 ugonjwa wake ulitangazwa rasmi. Watu walikuwa wamekula samaki tu, na watoto walizaliwa wakiwa wamedhurika ubongo. Kwa jina la mji huo mataifa yalipitisha Mkataba wa Minamata mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo unataja mambo manne ya kukomeshwa katika uchimbaji mdogo: kumimina zebaki juu ya mawe yote yaliyosagwa bila kuyachambua kwanza, kuchoma donge mahali pa wazi, kuchoma katika makazi ya watu, na kutia sayanaidi katika marudio yenye zebaki ambayo haijaondolewa. Yote manne tunayafahamu.

Wapo watakaosema, "Njaa haina subira. Ada ya shule inatoka mwaloni." Ni kweli, wala ukurasa huu haumhukumu mchimbaji mdogo anayetafuta riziki halali. Lakini tupige hesabu. Mara nyingi zebaki haishiki hata nusu ya dhahabu iliyomo katika mawe. Ndiyo maana marudio yana wanunuzi! Mchimbaji hubaki na sumu, na mwenye matangi hupata dhahabu iliyobaki. Faida gani hiyo? Wengine watasema tuisubiri serikali. Serikali ina wajibu wake, na wenye mitaji wanaonunua dhahabu wana wajibu mkubwa kuliko mchomaji wao. Lakini hakuna bwana afya atakayelala jikoni kwako kulinda kifua cha mwanao. Nyumba yako unailinda wewe.

Kwa maoni yetu, hatua hizi hazina budi kuanza sasa:

1. Dhahabu isichomwe tena nyumbani, hata kama ni kidogo. Kijiji kitenge mahali pamoja pa kuchomea, mbali na nyumba na penye ulinzi, ili hofu ya wezi isiwe sababu.

2. Itumike retoti, yaani chombo kilichofunikwa chenye bomba la kupoza mvuke. Zebaki hurudi katika chombo na kutumika tena. Mnunuzi anayetaka dhahabu anunue na retoti.

3. Mialo ihamishwe kutoka vijitoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

4. Akina mama wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiguse zebaki wala kukaa karibu na moto wake. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto.

5. Samaki wa mabwawa ya marudio na wa maduara yaliyoachwa wasiliwe.

6. Mwenye dalili tulizotaja aende kituo cha afya na aseme waziwazi kuwa anashika zebaki. Dawa ya kwanza ni kuachana nayo.

7. Wachimbaji waungane katika vikundi na kujifunza uchenjuaji usiotumia zebaki. STAMICO imejenga kituo cha mfano hapa hapa Lwamgasa, kama jina linavyoandikwa pia.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa 2015, aliitaja zebaki ya machimbo ya dhahabu kati ya madhara yanayoachiwa nchi maskini. Madhara hayo tunayaona kwa macho, na sehemu yake iko mikononi mwetu.

Basi jioni hii, kabla ya kuweka maji jikoni, mama amuulize baba swali moja: moto huu jana ulichoma nini? Dhahabu itauzwa na fedha itakwisha. Ubongo wa mtoto ukishadhurika, hakuna soko la kununua mwingine.